Moshi Katika Nyumba ya Bi Tufaha

Nyumba ikiuzwa kiangazi haina aibu. Paa limekauka, kuta zimekauka, na ufa ukiwepo unaonekana kama mstari tu uliochorwa na mtoto kwa kijiti. Mwenye kuuza anakutembeza chumba hadi chumba, wewe unaitikia, na juu hakuna hata wingu moja la kumsuta. Nilimwambia hivyo binti yangu Demetria siku ya kwanza tulipoingia nyumba ya Bi Tufaha pale Cheyo. Nilidhani nimenong'ona. Mundhir, mtoto wa Bi Tufaha, ambaye ndiye aliyetufungulia, akageuka.

"Bibi anasemaje?"

"Anasema nyumba ina hewa nzuri," Demetria akajibu, huku amenikanyaga mguu.

Na kweli hewa ilikuwa nzuri. Nje jua la mwezi wa tisa lilikuwa linakaanga barabara, ndani palikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Kuta za udongo, nene kiasi kwamba nilipopitisha mkono dirishani, vidole vyangu havikufika nje. Boriti za mninga, nyeusi kwa uzee. Dari hakuna, ukitazama juu unaona boriti na bati basi. Vyumba vitano vimeuzunguka ua, na katikati ya ua kipo kisima chenye mdomo wa mawe. Nyumba hiyo aliijenga babu yake Bi Tufaha, mfanyabiashara wa asali na nta, Mwarabu aliyefika na mizigo yake akielekea Ujiji, akaona Tabora panamtosha, akakaa.

Wanawake wawili walikuwa wanachota maji kisimani. Hawakushtuka kutuona, wala hawakutupisha.

"Karibuni," mmoja wao akasema, kana kwamba nyumba ni yake. Jina lake Siwema, Mnyamwezi wa hapo hapo, anapika vitumbua ng'ambo ya barabara, na ndiye anayetunza ufunguo wa nyumba. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kinyamwezi, mayu yaani mama. "Ndio mnataka kununua?"

"Tunaangalia," nikasema.

"Angalieni. Kuangalia hakulipiwi."

Sasa nieleze kwa nini tulikuwa tunaangalia. Mimi ni Esperansi, mjane wa Prosperi, mkulima wa tumbaku na mahindi kule Ulyankulu. Wazazi wangu walinitoa Burundi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Ulyankulu ndiko nilikosoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, nikapewa uraia, nikamzika mume wangu. Nimejenga nyumba kwa udongo na mikono yangu, lakini sikuwahi kununua nyumba ya mtu. Kununua nyumba ya zamani ni kama kuoa mjane: unamchukua pamoja na yote yaliyompata kabla yako. Na mimi mjane, najua ninachosema.

Demetria anafundisha shule ya msingi mjini. Mumewe yuko Geita machimboni, anatuma salamu kuliko anavyotuma matumizi. Miaka yote Demetria amekuwa akihama vyumba vya kupanga na watoto wake, na kila akihama kabati lake linavunjika mguu mwingine, mpaka sasa linasimamia matofali. Akiba yake na mkopo wake wa chama cha walimu, ukiunganisha na bei ya shamba langu na mabani yangu mawili ya kukaushia tumbaku, vinatosha nyumba moja. Moja tu. Jirani yangu Minani alikuwa tayari kulichukua shamba. Nilikuwa nimemwambia asubiri mpaka Jumapili. Nikisema ndiyo, shamba linakwenda, na nyumba hii ikija kutuangukia, sina pa kurudi, wala Demetria hana.

Kwa hiyo nilikuwa naangalia kwa macho yote.

Kutoka pale Mundhir alitupeleka nyumbani kwake, mtaa wa pili, ambako Bi Tufaha alihamia tangu nyonga ilipoanza kumsumbua. Nilimkuta ameketi kwenye godoro, mwembamba, mtandio mweupe, vidole vimejaa hina.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba, mwanangu."

Nilifurahi. Kwa umri wangu, nafasi ya kumwamkia mtu haipatikani kila siku. Tukaletewa kahawa na kashata. Nikampa maharage niliyokuja nayo kutoka shambani, akayapitisha vidoleni kama mtu anayehesabu tasbihi, akasema haya siyo ya sokoni. Tukaulizana watoto. Binti yake Manal yuko Maskati, anamtaka aende akatibiwe huko na akae. Hati ya nyumba ni ya jina lake mwenyewe, aliachiwa na baba yake, na watoto wote wamekubali iuzwe. Tulipofika hapo mazungumzo yakasimama, maana habari ya kuuza nyumba haina utamu. Basi nikafanya ninachofanya siku zote mazungumzo yakisimama.

"Bi Tufaha, kitendawili!"

Uso wake ukafunguka. "Tega!"

"Mgeni wangu hapigi hodi, hapiti mlangoni, na akifika hulala kitandani kwangu."

Bi Tufaha akatazama ndani ya kikombe chake. Akamtazama Mundhir. Mundhir alikuwa anatazama simu.

"Paka," akasema.

"Paka anapita mlangoni."

"Usingizi."

"Unakaribia, lakini siyo."

"Basi sijui. Umenishinda."

"Nipe mji!"

Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea huenda huko kwa maneno, akakaribishwa, akala, akanywa, ndipo akarudi na jibu.

"Nikupe mji gani? Kigoma?"

"Kigoma nilipita nikiwa mdogo, nilikuwa nalia. Sitaki."

"Nzega?"

"Nzega sina mtu."

"Mgumu wewe! Basi nidai. Mji wako utaupata."

"Na mimi jibu nakaa nalo," nikasema, tukacheka wote wawili. Mundhir akainua macho kuuliza kuna nini.

Fundi Mathias, ambaye tunasali naye kanisa moja, aliikagua nyumba siku ya Alhamisi, akapanda mpaka juu ya paa. Jioni alikuja chumbani kwa Demetria bila daftari, kila kitu alikuwa nacho kichwani.

"Dada Demetria, nyumba ya zamani ina bei mbili," alisema. "Bei ya kuinunua na bei ya kukaa nayo. Ya kwanza umeambiwa. Ya pili ndiyo hii. Nyaya za umeme zote zitolewe, zimezeeka. Choo kiko nje na shimo limejaa. Ukuta wa jikoni una ufa, unazibika, ila usije ukapaka saruji juu ya udongo ule, utabanduka wote. Mchwa wamekula fremu za milango miwili. Hayo yote mnayaweza kidogo kidogo."

"Na kisima?" Demetria akauliza.

"Kisima ni mzigo. Mtaa mzima unapita ndani ya ua wako asubuhi na jioni. Bwana Lugembe, yule anayeitaka naye, anasema siku ya kwanza anakifukia."

Huyu Lugembe ana maduka sokoni. Tangu reli mpya ianze kuusogelea mji, kila mwenye fedha anatafuta kiwanja kando ya barabara. Alitaka kuivunja nyumba ajenge fremu za maduka ya kupangisha. Mundhir alikuwa ametupa mpaka Jumamosi mchana. Baada ya hapo ni Lugembe.

"Paa je?" nikauliza mimi. Ndilo nililokuwa nalingojea.

Mathias akajikuna shingo. "Bibi, hapo ndipo penye kesi. Nimeona kutu, nimeona misumari iliyolegea. Lakini mahali panapovuja panajulikana mvua ikinyesha. Inaweza kuwa upande mmoja, inaweza kuwa paa zima. Ikiwa upande mmoja, fedha yenu inatosha. Ikiwa paa zima, haitoshi, na mvua za kwanza zitawakuta ndani. Kuta za udongo zikinyeshewa kutoka juu, zinalala chini."

"Mvua ni mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo hivyo."

"Na sisi tunajibu keshokutwa."

"Ndiyo hivyo, Bibi. Kwa usalama, mimi ningenunua kiwanja huko nje ya mji, nianze na msingi."

Alipoondoka, Demetria aliliangalia kabati lake lenye miguu ya matofali. "Mama," akasema, "kiwanja kina msingi lakini hakina mlango, na mimi nimechoka kungoja mlango. Ila nikikosea hapa, nitakuwa nimekula shamba lako."

Hakuna mzazi anayependa kusikia mtoto wake anaongea kwa sauti ile.

Kesho yake, Ijumaa, nikiwa naosha vyombo, nilikumbuka mabani yangu. Mkulima wa tumbaku hapakii majani kwenye bani kabla ya kulijaribu. Joto likipata tundu la kutokea, majani yanaharibika, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Kwa hiyo unawasha moto mdogo ndani, unaufunika kwa majani mabichi, unafunga mlango, unatoka nje na kuangalia. Moshi haungoji mvua. Penye tundu, unatoka, nawe unapaka udongo. Prosperi alikuwa akisema moshi ni fundi asiyedai chai.

Nikajiuliza: bani ni nini kama siyo nyumba?

Demetria alikuwa shuleni. Nikachukua magunzi ya mahindi, nikachuma majani mabichi ya michongoma njiani, nikaenda kwa Siwema kuomba ufunguo.

"Unaangalia tena, mayu?"

"Tena."

"Na hayo majani?"

"Ya kazi," nikasema, naye alikuwa na wateja wa vitumbua, hakuuliza zaidi.

Kwenye ua nilikuta karai bovu. Nikaliweka katikati ya ukumbi, nikafungua milango yote ya ndani, nikafunga madirisha yote ya nje. Nikawasha magunzi, yakashika, nikayafunika kwa majani mabichi. Moshi ukanyanyuka mweupe, mzito, mzuri kabisa, moshi wa kujivunia. Nikatoka, nikafunga mlango, nikaanza kuizunguka nyumba nimeinua kichwa.

Ukaanza kutoka. Chumba cha nyuma, hapa. Juu ya jiko, pale, na kwenye ufa wa ukuta kama nyoka anayetoka shimoni. Chumba cha pili cha nyuma, kwenye kila bati. Nikazunguka mbele. Nikangoja. Mbele, hakuna. Nikangoja tena. Chumba cha mbele, ukumbi, chumba cha kulia, bati zimekaa kimya, hata uzi wa moshi hakuna. Nilipiga makofi peke yangu barabarani. Upande wa nyuma tu! Upande mmoja!

Jambo moja sikulifikiri. Kwetu Ulyankulu, msimu wa tumbaku, kila nyumba ina moshi na hakuna anayegeuza shingo. Bani lisipotoa moshi ndipo majirani wanakuja kuuliza kama kuna msiba. Mjini hawana habari hiyo.

"Motooo! Nyumba ya Bi Tufaha inaungua!"

Ilikuwa sauti ya Siwema. Kabla sijafungua kinywa, wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kuingia uani. Hawakuuliza mlango uko wapi, wala kisima kiko wapi. Mmoja yuko kwenye kamba, mwingine anapokea ndoo, wa tatu anamimina, kama watu waliofundishwa jeshini. Nikakimbilia mlango wa ukumbi, nikasimama mbele yake, nikapunga mikono yote miwili.

"Siyo moto! Ni moshi tu! Siyo moto!"

Siwema akaniona nimesimama kwenye moshi napunga mikono, akadhani naomba kuokolewa. Akanimwagia ndoo nzima.

Jamani, maji ya kisima kile ni ya baridi!

Wakati huo msikitini walikuwa wametoka kuswali. Wanaume wakaja mbio wameshika kanzu zao, wengine pekupeku, viatu wameviacha huko huko. Mundhir alikuwa mbele. Kijana mmoja alishapanda ukutani na ndoo. Nyuma yao nikamwona Lugembe, mtu wa tumbo, anakimbia kwa heshima. Na mwisho kabisa bajaji ikasimama, akateremka Bi Tufaha na fimbo yake.

Mundhir akaingia ukumbini amejifunika uso, akatoka na karai mkononi. Akaliangalia. Akaniangalia mimi, ninavyochuruzika.

"Bibi. Hii nini?"

"Magunzi," nikasema.

"Magunzi?"

"Na majani. Nilikuwa natafuta matundu."

Nikawaeleza habari ya bani. Mara ya kwanza hawakuelewa, nikaeleza tena. Halafu Siwema, ndoo bado iko mkononi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaani mayu, nyumba hujainunua ushaichoma!"

"Ningejua ningeleta muhogo tuokee hapa hapa!" mwingine akasema.

"Bibi Moshi!" kijana wa ukutani akapaza sauti, na jina hilo halijaniachia mpaka leo.

Mundhir hakucheka. "Mama," alimwambia Bi Tufaha, "umeona? Hawa siyo watu wa kufanya nao biashara. Bwana Lugembe huyu hapa, fedha anayo leo hii, na anaongeza juu."

Lugembe akafuta jasho. "Mimi matundu hayanihusu," alisema kwa upole, na sikumwona mtu mbaya. "Hata ingeungua kweli, mimi nanunua kiwanja. Nitaivunja yote."

Bi Tufaha alikuwa anatazama juu, kwenye paa la nyuma, moshi wa mwisho ukitoka taratibu. Akanishika mkono wangu uliolowa.

"Nionyeshe," akasema.

Tukaizunguka nyumba wawili, wengine nyuma yetu. Nikaonyesha chumba cha nyuma.

"Hapo," Bi Tufaha akasema, "nilikuwa naweka sufuria. Tangu nilipomzaa Manal."

Nikaonyesha juu ya jiko.

"Hapo beseni."

Chumba cha pili cha nyuma.

"Hapo tulihama, tukawaachia kuku. Na mbele?"

"Mbele moshi haukutoka."

"Mbele haijawahi kuvuja." Akasimama kupumzisha nyonga. "Nimekaa na matundu haya maisha yangu yote, moja moja, kila mvua na lake. Leo nimeyaona yote kwa pamoja."

Demetria alifika wakati huo, chaki bado iko mkononi, kaambiwa shuleni kwamba mama yake ameungua. Alinikumbatia, akalowa naye, halafu akataka kunigombeza asipate pa kuanzia. Akampigia Mathias. Mathias akaja na baiskeli, akapanda palepale moshi ulipopita na kuacha alama nyeusi kwenye bati, akagonga, akasikiliza, akateremka.

"Ni upande wa nyuma," alisema. "Bati za mbele ziko imara. Bibi, kazi hii mnaiweza."

Bi Tufaha akageuka kwa Lugembe. "Mwanangu, ahsante kwa kukimbilia nyumba yangu. Lakini mtu anayetaka kuvunja hatafuti matundu. Huyu ameyatafuta. Mundhir, bei ni ileile tuliyowaambia, na wala sitaki nyongeza ya mtu."

"Mama..."

"Mundhir. Ni nyumba ya baba yangu. Nimekubali kuiuza, sijakubali kuizika."

Mundhir akainamisha kichwa. Ni mtoto mwema, mwenye mzigo wa nauli ya ndege na hospitali. Sikumlaumu hata siku ile. Lugembe naye alimpa mkono Demetria, akasema mkihitaji bati pitieni dukani kwangu, biashara ni biashara.

"Lakini nina sharti," Bi Tufaha akaendelea, na macho yake safari hii yalikuwa kwa Demetria. "Kisima. Baba yangu alikiacha wazi kwa jirani yeyote, Mwislamu, Mkristo, mwenye ndoo tu. Najua fundi wako amekwambia ni mzigo, na hakukosea. Ni mzigo. Watakuchafulia ua, watakuamsha mapema, watajua umepika nini. Mkikubali, tukae na mwenyekiti wa mtaa tumalize. Mkikataa, sitawalaumu."

Demetria aliwatazama wale wanawake. Walikuwa bado wamesimama na ndoo zao, magauni yamelowa, mmoja kanga imemwangukia matopeni wakati anakimbia. Kisha akanitazama mimi.

"Bi Tufaha," akasema, "mlango wa ua ungekuwa umefungwa leo, hawa wangepita wapi?"

Siwema alinyanyua ndoo yake kichwani, akaenda kuchota ya kwake ya jioni, kwa sababu vitumbua havingoji.

Mimi nikatoa simu yangu kwenye mfuko, nikaikausha kwenye kanga ya mtu, nikampigia Minani.

"Minani, shamba ni lako."

"Bei ileile?"

"Ileile. Ila yale mabani yakague mapema kabla hujapakia."

"Nitakagua, dada. Mbona sauti inatetemeka?"

"Nimemwagiwa maji."

"Na nani?"

"Na majirani zangu," nikasema. Lilikuwa neno jipya mdomoni, nikalirudia kimoyomoyo nisikie lilivyo.

Tulihamia mwezi wa kumi. Kama kuna anayefikiria kununua nyumba ya zamani, nisimdanganye: bei ya pili ni kweli. Nyaya zilikula mshahara wa Demetria, choo kikala mwingine. Mchwa tunapigana nao hadi leo, wao wengi. Bati za nyuma tulizinunua kwa Lugembe, na Mundhir mwenyewe ndiye aliyezileta kwa gari yake bila kuombwa. Udongo wa kuziba ufa tuliukanyaga mimi na wanawake wa kisimani, tukiimba, wao Kinyamwezi, mimi Kirundi, kila mtu na wimbo wake, lakini miguu kwa mpigo mmoja. Mathias alikuja kusimamia akaishia kucheza. Alfajiri kamba ya kisima inalia, nami naamka, nafungua mlango wa ua. Wananiletea moto wa kuwashia jiko kabla sijaomba, wakisema, "Bibi Moshi, chukua, lakini uutumie jikoni!" Sijawahi kuamka mara moja nikajisikia mgeni. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa bati.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, wingu jeusi kutoka upande wa Urambo. Bi Tufaha alikuwa bado hajasafiri, na alikuwa ametuma salamu kwamba mvua ya kwanza asikose. Akaja na mwavuli, Mundhir kamshika. Tukakaa sote chumba cha nyuma, kitandani kwangu, maana ndicho nilichokichagua, ili kama kuna aibu inipate mimi. Mvua ikapiga bati. Hatukusikizana. Demetria alikuwa anatazama juu, midomo inamtembea. Dakika zikapita. Kavu. Watoto wakaanza kushangilia.

Ndipo tone moja likaning'inia kwenye msumari, likajifikiria, likaanguka katikati ya shuka langu.

Bi Tufaha akalitazama lile doa, akapiga paja lake.

"Mgeni wako huyo! Hapigi hodi, hapiti mlangoni, na hapo amelala kitandani!"

"Bi Tufaha!" nikasema. "Ulijua!"

"Nisijue vipi, mimi niliyelala na sufuria pembeni? Nilijua kabla hujamaliza kutega. Lakini nyumba ilikuwa inauzwa, na huyu alikuwa ameketi pale," akamwonyesha Mundhir kwa fimbo. Mundhir akacheka, nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Ila nilisema sijui mbele ya watu. Kwa hiyo nadaiwa."

"Unadaiwa."

"Basi nakupa Tabora. Yote. Na kituo cha reli na soko ndani yake."

Nimeishi katika miji ya watu tangu utotoni, nikipita, nikipangiwa, nikiandikishwa. Hakuna aliyewahi kunipa mmoja, hata kwa mchezo. Demetria aliweka kikombe chini ya tone, na tone la pili likalia ndani yake, ting. Watoto wakanisubiri, kwa kuwa kanuni ni kanuni, na mtegaji akipewa mji lazima aende.

Nikajifuta uso. Nikaanza.

"Nilikwenda Tabora. Nilipofika Tabora sikuwa na kitu mkononi ila magunzi na majani mabichi. Watu wa Tabora hawakuniuliza natoka wapi. Walikuja mbio na ndoo..."